Kabla hujashusha bei, jua mstari wako unaanzia wapi



Leo siongelei namna ya kupiga picha bidhaa wala saa nzuri ya kuposti. Leo naongelea hesabu, na najua wengine hapo hapo mnataka kupita. Naomba usipite. Haya ninayoandika kama ningeyajua mapema, Mama yangu asingekaa miezi anakwepa macho ya wanakikoba wenzake kwa sababu yangu.

Mimi nauza mashuka mtandaoni, naishi Mbagala, mzigo nachukua Kariakoo. Shule nimeishia kidato cha nne na hesabu nilipata F. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba naandika kwa sababu nina kichwa cha hesabu. Naandika kwa sababu nilikula mtaji wa mkopo huku nikijiona nauza.

Msimamo wangu ni huu, nausema mapema ili anayetaka kubisha abishe vizuri: ule ushauri wa "shusha bei upate mzunguko" unaua biashara nyingi ndogo kuliko ukosefu wa wateja. Na anayekupa ushauri huo bila kukuuliza kwanza gharama zako za mwezi ni ngapi, hajakusaidia kitu.

Sasa nikueleze kwa nini.

MIEZI MIWILI ILIYONIDANGANYA

Mama alikopa kikoba 500,000 kwa jina lake, akanipa. Nikaongeza na akiba yangu, nikapanga fremu, nikaweka rafu na kioo, nikamchukua kijana wa kunifungia mizigo. Wateja wangu wote walikuwa wa mtandaoni, lakini niliona bila fremu sionekani mfanyabiashara. Hilo kosa nitalirudia huko chini.

Seti moja ya shuka nilikuwa nanunua 18,000. Mfuko na kufunga, 1,000. Nauza 27,000. Hela ya bodaboda mteja anajilipia mwenyewe. Kwa hiyo kila seti inaniachia 8,000. Ukiniuliza "faida yako ngapi?" nilikuwa najibu kwa kujiamini: elfu nane kwa kila seti.

Mwezi wa nne nikauza seti 34. Simu ikasoma mauzo ya 918,000. Jamani, nilijiona nimefika. Nikamtumia Mama hela ya mboga.

Lakini mwisho wa mwezi kurudisha mzigo kama ulivyokuwa nikashindwa. Nikasema labda kuna mtu ananiibia. Nikamtilia shaka yule kijana, mpaka leo naona aibu.

Mwezi wa tano nikafuata ushauri wa mitandaoni. Nikashusha bei mpaka 25,000. Wateja wakaja kweli! Nikauza seti 45, seti 11 zaidi. Simu ikasoma 1,125,000. Status zangu zilijaa picha za mizigo inayotoka.

Mwezi huo ndo nilipata hasara kubwa kuliko uliopita. Na sikujua.

Mama akaniita jioni moja. "Abee Mama." Akaniambia, "Mwanangu, ile hela ya watu. Mwezi wa kumi na mbili tunagawana. Mimi nina jina pale." Hakugomba. Ndo iliyoniuma zaidi.

MDOGO WANGU NA DAFTARI LAKE

Usiku ule nilikuwa na daftari langu la mauzo mezani, na mdogo wangu wa sekondari ana daftari lake la hesabu pembeni. Alikuwa anafanya mistari minyoofu. Ile y = mx + c. Wengi mnaikumbuka, na wengi mmeisahau siku ileile mliyotoka kwenye mtihani.

Nikamuuliza kwa kumtania, "Hiyo c kazi yake nini duniani?"

Akanijibu bila kuinua kichwa, "Dada, hapo ndo mstari unapoanzia. Kabla x haijawa kitu. Weka x sifuri, kinachobaki ni c."

Nikanyamaza. Kabla x haijawa kitu. Yaani kabla sijauza hata shuka moja, mimi naanzia wapi?

Nikaandika gharama ambazo nalipa hata nisipouza kitu:

Fremu 120,000
Umeme na ulinzi 20,000
Bando 30,000
Matangazo ya kulipia 60,000
Posho ya kijana 90,000

Jumla 320,000. Kila tarehe moja, kabla sijafungua macho, niko hasi 320,000.

Mdogo wangu akaniandikia mlinganyo wangu wa kwanza wa maana tangu nizaliwe. F ni faida ya mwezi, x ni idadi ya seti nilizouza:

F = 8,000x − 320,000

NAMBA TATU ZA KUSOMA KWENYE MSTARI

Mlinganyo ukikaa hivi, F peke yake upande mmoja, unakupa namba tatu. Mbili za kwanza huhitaji hata kikokotoo.

Namba ya kwanza ni ile inayozidisha x. Hapa ni 8,000. Huo ndo mteremko wa mstari. Neno lisikuchanganye, mstari unaweza kupanda pia. Maana yake ni hii tu: ukiongeza seti moja, F inabadilika kwa kiasi gani? Inapanda 8,000.

Namba ya pili ni ile iliyosimama peke yake bila x. Hapa ni −320,000. Hapo ndo mstari unapokata mhimili uliosimama, pale x ikiwa sifuri. Usisahau alama ya kutoa. Alama hiyo ndo iliyokuwa inanila.

Namba ya tatu ni pale mstari unapokata mhimili uliolala, yaani F ikiwa sifuri. Hujapata, hujakosa. Unaitafuta hivi:

0 = 8,000x − 320,000
8,000x = 320,000
x = 40

Seti arobaini. Mpaka niuze ya arobaini, kila shuka linalotoka linaziba shimo. La arobaini na moja ndo la kwanza kunipa faida.

Mwezi wa nne niliuza 34. Weka kwenye mlinganyo: 8,000 × 34 ni 272,000. Toa 320,000. Unapata hasi 48,000. Hakuna mwizi. Yule kijana hajachukua kitu. Hesabu ilikuwa wazi muda wote, mimi ndo nilikuwa naangalia namba moja na kuziacha mbili.

PUNGUZO LILIFANYA NINI

Nikishusha bei kwa 2,000, gharama za kuanzia hazishuki. Mwenye fremu hajali kama nina ofa. Kinachoshuka ni mteremko, kutoka 8,000 mpaka 6,000:

F = 6,000x − 320,000

Mstari unaanzia shimo lilelile lakini unapanda polepole zaidi. Sasa unakata wapi? 320,000 gawanya kwa 6,000 ni 53 na kidogo. Shuka nusu haliuzwi, kwa hiyo ni seti 54.

Umeona? Punguzo la elfu mbili lilisogeza mstari wangu wa kupona kutoka seti 40 mpaka 54. Niliuza 45. Weka 45: ni 270,000 toa 320,000, hasi 50,000.

Nilifanya kazi zaidi, nikafunga mizigo 11 zaidi, nikajibu meseji mpaka saa sita usiku, nikaongeza hasara kwa 2,000. Na simu ilikuwa inasoma mauzo makubwa kuliko mwezi uliopita. Ndo maana nasema mauzo kwenye simu yanadanganya. Mauzo hayana c.

Sisemi punguzo ni dhambi. Nasema kabla hujaweka, chora mistari miwili: wa bei ya sasa na wa bei mpya. Kwa upande wangu, ili mwezi wa bei mpya ulingane na ule wa seti 34, nilihitaji 6,000x = 272,000, yaani seti 46. Hapo ni kurudi karibu na hasara ileile ya 48,000 tu, bado sijafika sifuri. Kama huna uhakika wateja wataongezeka kiasi hicho, acha bei yako ilivyo.

UNAWEZA KUUSOGEZA MSTARI WOTE

Kila mtu alikuwa ananifundisha kubadili mteremko: panda bei, shusha bei, tafuta mzigo wa bei rahisi. Hakuna aliyeniambia nishughulike na pale mstari unapoanzia.

Mwezi wa sita nilirudisha fremu. Nikauza rafu na kioo. Mzigo nikahamishia chumbani nyumbani. Gharama za fremu, umeme na ulinzi, jumla 140,000, zikatoka. Nikabaki na 180,000:

F = 8,000x − 180,000

Mteremko ni uleule 8,000. Bei sijagusa, mteja hajaona tofauti. Ukiichora, mistari hii miwili ni sambamba, haikutani, ila wa pili uko juu zaidi. Na unakata sifuri kwenye 22.5, yaani seti 23 tu badala ya 40.

Mwezi ule niliuza 31, chini ya mwezi wa nne na chini ya mwezi wa tano. Nikapata 68,000. Faida ya kweli ya kwanza.

Watu walinicheka. "Umefilisika umerudi kwa mama." Nikawaacha.

Kitu hiki cha namba ya kuanzia hakiko dukani tu. Wale mnaokumbuka, tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ndo maana mara ya kwanza kununua umeme kwenye mwezi unaona uniti zimepungua, ukinunua tena mwezi huohuo zinakuja kamili. Hiyo kodi ni c. Bei ya uniti ni mteremko. Watu waligombana na wapangaji wenzao kumbe walikuwa wanagombana na c.

KWA ANAYETAKA KUANZA: FIKIRIA UWINGA

Hapa najua nitapingwa.

Winga hana mzigo wake. Anachukua picha za mwenye duka, anaposti, akipata mteja anaongeza chake juu. Wengi tunawadharau mawinga, tunasema hawana biashara. Mimi nilikuwa nasema hivyo.

Tuseme winga wa mashuka anapata 3,000 kwa kila seti, na gharama yake ni bando la 30,000 tu. Mstari wake ni:

F = 3,000x − 30,000

Anakata sifuri kwenye seti 10. Na seti 34 zile nilizouza mimi mwezi wa nne kwa mbwembwe za fremu, yeye zingempa 102,000 toa 30,000, yaani 72,000. Mimi zilinipa hasi 48,000.

Mteremko wangu ulikuwa mkali kuliko wake mara mbili na zaidi. Elfu nane kwa elfu tatu. Lakini nilianzia shimo refu sana. Nitamfikia wapi? Weka mistari miwili iwe sawa:

8,000x − 320,000 = 3,000x − 30,000
5,000x = 290,000
x = 58

Mpaka niuze zaidi ya seti 58 kwa mwezi ndo fremu yangu ilikuwa ina maana kuliko uwinga. Sijawahi kufikisha 58. Kwa hiyo mdogo wangu unayesoma hapa una 500,000 na unataka kukimbilia fremu ili majirani wakuone, tafadhali. Anza kwa uwinga, pima kwa mwezi unaweza kuuza ngapi, ukiona unapita namba yako ya makutano ndo ukapange fremu. Ila usimpe mwenye fremu hela ya watu kwa kubahatisha.

MSTARI WA MTAJI

Siyo kila mlinganyo unakuja umejipanga. Mwingine unakuja hivi:

18,000x + 6,000y = 540,000

Huu ni mtaji wangu wa 540,000 siku naenda Kariakoo. x ni seti za shuka za 18,000, y ni mito ya kulalia ya 6,000.

Wengi hapa wanakosea, na mimi nilikosea: unaona 18,000 imekaa na x, unasema mteremko ni 18,000. Hapana. Mteremko unausoma y ikiwa peke yake tu. Bado haijawa peke yake.

Anza na rahisi. Tafuta unapokata. Ziba x kwa kidole, yaani hakuna shuka hata moja: 6,000y = 540,000, y ni 90. Ziba y: 18,000x = 540,000, x ni 30. Kwa hiyo hela yote ikienda kwenye mito napata mito 90, ikienda kwenye shuka napata seti 30. Hizo ndo ncha mbili za mstari. Weka nukta mbili, unganisha kwa rula, umemaliza.

Sasa mteremko. Hamisha 18,000x upande wa pili, inakuwa ya kutoa. Gawanya kila kitu kwa 6,000:

y = 90 − 3x

Mteremko ni hasi 3. Maana yake: kila seti ya shuka ninayoongeza inaninyima mito mitatu.

Na hapo ndo nilipopata somo jingine. Mto mmoja unaniachia 3,000. Nilikuwa nauona uchafu mbele ya shuka la 8,000. Lakini shuka moja ni sawa na mito mitatu kwa hela ileile, na mito mitatu inaniachia 9,000. Kumbe mto unalipa kuliko shuka!

Ila msikimbie wote kununua mito. Mito inajaza chumba, na hiyo mitatu lazima ipate mtu wa kuinunua. Mimi sasa naweka shuka 20 na mito 30. Angalia kama iko kwenye mstari: 90 toa 60 ni 30. Hela inatosha barabara.

WAKIKUFICHIA MLINGANYO, UTAFUTE MWENYEWE

Nina mteja wangu Dodoma, dada mmoja mwenye duka, ananunua kwangu kwa kuuza. Nilimwahidi usafiri wa basi juu yangu. Kila nikituma naambiwa bei tofauti, nikiuliza wanasema "inategemea kilo". Nikatoa risiti zangu:

Kilo 10, nililipa 11,000.
Kilo 25, nililipa 18,500.

Nukta mbili zinatosha kupata mstari. Mteremko ni tofauti ya hela gawanya kwa tofauti ya kilo. Hela: 18,500 toa 11,000 ni 7,500. Kilo: 25 toa 10 ni 15. Ukigawanya, 500 kwa kilo.

Sasa namba ya kuanzia. Kilo 10 kwa 500 ni 5,000, lakini nililipa 11,000. Hiyo 6,000 iliyobaki ndo c. Yaani kifurushi kikigusa mizani tu, hata kiwe chepesi vipi, 6,000 imeenda.

y = 500x + 6,000

Nikajaribu na risiti ya tatu ya kilo 16: 8,000 jumlisha 6,000 ni 14,000. Risiti inasema 14,000. Mstari umesema kweli.

Sasa fikiria. Nilikuwa namtumia yule dada kilo 10 leo, kilo 10 keshokutwa, kilo 10 wiki ijayo. Mara tatu 11,000 ni 33,000. Nikikusanya kilo 30 kwa pamoja ni 15,000 jumlisha 6,000, yaani 21,000. Nilikuwa natupa 12,000 kwa sababu ya haraka. Sasa nimemwambia, "Dada, mzigo wa Dodoma unatoka mara moja kila wiki mbili." Akakubali.

USIUAMINI MSTARI KUPITA KIASI

Niseme ukweli wote. Siyo kila kitu ni mstari mnyoofu. Makato ya kutuma pesa kwa simu ni ngazi: kiwango hadi kiwango makato ni yaleyale, halafu yanaruka. Bei ya jumla nayo inavunjika, ukichukua dazeni bei inabadilika, mteremko unakuwa mwingine. Na ukiuza sana utahitaji kijana wa pili, c yako itashuka tena chini. Kwa hiyo mstari wa mwezi huu ni wa mwezi huu. Gharama ikibadilika, andika mwingine.

Na kuna gharama nilikuwa siiandiki kabisa: mimi mwenyewe. Nilikuwa nakula kwa Mama nikajiambia sina gharama. Mwaka huu nimejiwekea posho ya 150,000. Namba ya kuanzia imekuwa hasi 330,000, na nahitaji seti 42 kwa mwezi. Mwezi uliopita niliuza 39. Kwa hiyo nilijilipa 132,000, pungufu 18,000. Sijatajirika. Ila najua kwa uhakika nimepungukiwa seti tatu, na najua cha kutafuta mwezi huu.

Mkopo wa kikoba niliumaliza mwezi wa kumi na moja, kwa faida ya miezi sita na ile hela ya rafu na kioo. Mwezi wa kumi na mbili walipogawana, Mama alivaa kitenge kipya akaenda kukaa mstari wa mbele.

Kuna Mfaransa anaitwa René Descartes, mwaka 1637 alichapisha kitabu kuhusu namna ya kuunganisha milinganyo na michoro. Hakuwaza mashuka ya Mbagala. Na mwalimu wangu aliyetuchorea ile mistari ubaoni hakutuambia kwamba c inaweza kuwa kodi ya fremu. Wangetuambia hivyo, labda nisingepata F.

Kazi yako ya leo usiku, kabla hujaposti kitu: chukua daftari. Andika unacholipa kila mwezi hata usipouza, weka alama ya kutoa mbele yake. Andika kipande kimoja kinakuachia ngapi baada ya kununua na kufunga. Gawanya cha kwanza, ukiacha ile alama ya kutoa, kwa cha pili. Namba utakayopata ibandike ukutani.

Halafu mtu akija kukwambia "shusha bei upate mzunguko", muulize: "Nikishusha, namba yangu ya ukutani inakuwa ngapi?"

Akikosa jibu, mshukuru na uendelee na kazi.